Maharage ya Elinipendo Yasiyotiwa Siki

Wifi yangu Elinipendo si mtu wa kuogopa. Tangu aolewe na kaka yangu hapa Marangu, nimemwona akiogopa siku moja tu. Siku hiyo ndiyo ninayoisimulia, maana anayetaka kumjua mtu na amtazame roho yake ikiwa mkononi.

Ni mjane, hakosi ibada, na ubishi wake hauna dawa. Wanawake wengine wanapika, Elinipendo anahifadhi. Kuanzia Januari, jua likiwa kali na matunda damu yakiwa mekundu kihamba kizima, yaani shamba lote la nyumbani, huyamenya, huyachemsha na sukari, huyafunga kwenye chupa. Mnafu, mboga yetu ya majani, huukausha kivulini. Ndizi huzikata vipande akazianika juu ya bati. Yote hayo anaiwekea Juni na Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka msituni na kukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga, nasi tukalala na masweta.

Masweta yenyewe anayafuma yeye. Hukaa jikoni kwenye kigoda, sufuria ya chupa ikitokota mbele yake na sindano zikigongana mapajani. Saa haitumii. Jamu huiva mkono wa sweta unapofika kwenye kiwiko. Ukimwambia anunue saa ya ukutani, atakuuliza kama saa itamkinga baridi mgongoni.

Mambo ya chupa alifundishwa kwenye semina ya akina mama kanisani. Mwalimu alisema waziwazi kwamba mboga si matunda, mboga za chupa lazima zitiwe siki, la sivyo huweza kufanya sumu. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikamsikia akiguna.

Mwaka huu Loveness, mke wa mwanawe Jackson, alijifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mzazi hulishwa. Mama mkwe huangalia asikose mtori wa ndizi, maziwa wala nyama, na kazi ya mzazi ni kula na kunyonyesha. Jackson na mkewe wanakaa Rau, mjini Moshi, kwa hiyo Elinipendo alikuwa akiwateremshia vyakula kila wiki. Msimu wa maharage machanga ulipokuwa unakwisha, akaamua kumhifadhia mzazi wake kwenye chupa. Siki akaiacha.

"Siki itaingia kwenye maziwa imsokote mtoto tumbo," alisema. "Mwalimu yule hajawahi kulisha mzazi."

Siku hiyo alikuwa akifuma soksi za mjukuu, vitu vidogo vinavyokwisha upesi, na chupa nazo zikatoka motoni upesi. Nilimkumbusha maneno ya mwalimu. Akanijibu, "Wifi, kila mtu na jiko lake." Nikaenda zangu nyumbani nimenuna.

Chupa moja ikaenda Rau, nyingine zikabaki kabatini. Siku chache baadaye akatoa moja ili apike, akakuta mfuniko umevimba. Alipoufungua ulitoa mlio, povu likapanda. Elinipendo hatupi chakula. Akawamwagia kuku.

Kesho yake asubuhi, kabla ya ibada, aliniita kwa sauti nisiyoijua. Nilikimbia mpaka kwake nikiwa na mwiko mkononi.

Kuku walikuwa hai, na hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa wamelala mavumbini, macho wazi, shingo zimelegea chini. Jogoo alijaribu kuinua kichwa, kikaanguka. Akajaribu tena, kikaanguka. Hapakuwa na damu, wala sauti.

"Wifi," alisema. "Loveness."

Tulipiga simu Rau, ikaita mpaka ikakatika. Tukapiga tena. Jackson, kazi yake kuongoza watalii, alikuwa mlimani na wageni, na kule juu simu haishiki. Na kulikuwa na jambo lililotutia hofu kuliko hata wale kuku, wote wawili tulilijua bila kuambiana. Loveness amelelewa kwa heshima ile ya kuinamisha kichwa. Hajawahi kukataa kitu kutoka mkononi mwa mama mkwe wake. Uji ukizidi chumvi, anaomba aongezewe. Kama maharage yale yalikuwa yananuka, angeziba pua akala.

Jirani yetu Primus alikuwa akipakia mikungu ya ndizi kwenye pikapu yake. Elinipendo aliingia mbele bila kuomba. "Twende Rau," alisema, na Primus alipomtazama usoni akaacha mikungu mingine chini na kuwasha gari.

Njia nzima alikuwa akimtaja Ruwa, Mungu kwa Kichagga chetu, jina hilo tu, tena na tena. Vidole vyake vilikuwa vinatembea mapajani kama anayefuma, lakini hakuwa na uzi.

"Wifi, mtoto akinyonya, sumu inapita?"

"Sijui."

"Sema haipiti."

"Sijui, Elinipendo." Niliogopa kumdanganya na niliogopa kumwambia kweli.

Tulipofika, mlango ulikuwa umerudishwa tu. Tulipiga hodi, kimya. Tukaingia. Mezani ilikuwepo chupa, tupu, imeoshwa ikang'aa. Chumbani Loveness alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mtoto akiwa kifuani pake, na wote wawili hawakutikisika.

Elinipendo alipiga ukelele. Loveness aliruka, akajifunga kanga haraka haraka. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Samahani, mtoto hakulala usiku, simu niliizima sauti."

"Maharage yako wapi?"

"Nimekula, mama." Aliinamisha kichwa. "Yalikuwa matamu sana. Asante."

"Yote?"

"Yote, mama."

Wifi yangu alishika ukuta. Kisha akamnyakua mtoto na kunitupia mimi. Mtoto akaanza kulia. "Inua kichwa," akamwambia Loveness. "Geuza shingo. Huku. Na huku. Inauma? Inalegea?" Alikuwa amemshika mashavu kwa mikono miwili, akimgeuza uso kuelekea dirishani. "Primus! Usizime gari! Tunakwenda hospitali!"

"Mama, kuna nini?"

"Nimekuua, mwanangu. Maharage yale ni sumu. Kuku wangu wamelala chini kama matambara. Nimekuua kwa mkono wangu."

Loveness alianguka magotini akaanza kulia. "Mama nisamehe. Sikula."

"Usinidanganye ili nitulie!"

"Kweli tena, mama. Sikula hata moja."

"Umesema yalikuwa matamu!"

"Nilisema tu, mama. Haki ya Mungu sikula. Yalikuwa yananuka."

Elinipendo hakuamini. Na angeaminije, wakati binti huyu amekuwa akimwambia matamu miaka yote? Alimvuta mkono mpaka uani, Loveness akamwonyesha shimo la taka. Chini ya majivu yalikuwepo maharage, mengi, mazima kama yalivyotoka kwenye chupa. Wifi yangu alichuchumaa akayachokoa na kijiti kwa muda mrefu, akiyakadiria kama yanatosha kujaza chupa. Yalitosha. Ndipo akakaa chini palepale kwenye uchafu, na gauni lake la kanisani, akalia kwa sauti. Nami nililia. Primus aliyekuja kutazama alirudi kwenye gari lake.

Alipotulia alijifuta pua na ncha ya kitambaa cha kichwa. Hasira zikaanza kumrudia, nikajua amepona.

"Sasa kwa nini hukuniambia? Simu unayo. Ungesema mama, maharage yameharibika. Chupa nyingine ziko kabatini kwangu! Na kama ningempa mtu, je? Mpaka unaosha chupa na kuniwekea mezani, kwa nini?"

Loveness alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni, na hilo sikuwahi kuliona.

"Mama," alisema taratibu, "nani anaweza kukuambia wewe?"

Hakukuwa na ujeuri katika sauti yake. Alikuwa anauliza kweli. Elinipendo akanigeukia mimi. Alinitazama akingoja nimkanushe yule binti.

Mtoto alikuwa bado analia mikononi mwangu. Nilimrudisha kwa mama yake anyonye.