Zizi la Ng'ombe Wasiofika

Zizi la babu yangu halikuwahi kulaza ng'ombe hata mmoja. Alilijenga kule Nakivale, kambini kwa wakimbizi, kabla ya kumaliza nyumba, sisi tukiwa bado tunalala chini ya turubai, na majirani wakadhani safari imemvuruga akili.

Juma lililopita nilitoka Mbarara kwenda kuliangalia. Bibi, ambaye sasa anakaa nami mjini, alikuwa amesikia kwamba kiwanja chetu kimepewa familia iliyofika karibuni kutoka Kivu ya Kusini, kulekule kwetu. Hakuuliza habari za nyumba. Nyumba ya udongo ikishakosa mtu haiachi gofu. Mvua huilainisha ikarudi kuwa shamba, na yetu ilikwisha kurudi. Aliuliza neno moja tu: "Zizi, bataliacha?"

Ungeliona enzi zake, rafiki yangu, ungedhani lina wenyewe. Lilikuwa duara la matawi ya mnyaa, yaliyochomekwa ardhini yakashika mizizi na kuchipua. Tulionywa tusiyavunje, maana utomvu wake ukiingia jichoni mtu analia mpaka asubuhi. Langoni zilisimama nguzo mbili nene, na kati yake miti ya kupitisha kwa ubavu. Siku tuliyokimbia, mdogo wake babu alibaki milimani na ng'ombe. Waliagana kwamba atafuata kwa njia ndefu, ile yenye majani. Babu alikuwa akisema mgeni hawezi kufika jioni na ng'ombe, ndipo mwenyeji aanze kutafuta miti.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota mavi makavu ya ng'ombe wa wenyeji kando ya barabara ya Rwekubo. Tuliyaleta kwa gunia, na jioni babu akawasha moto wa moshi katikati ya zizi tupu, kama ule wa kwetu wa kufukuza nzi. Moshi ule mzito uliingia kwenye maharage, kwenye mablanketi, kwenye nywele. Shuleni mwalimu alituita wafugaji, darasa zima likacheka. Hatukuona tusi. Tulikuwa wafugaji, ng'ombe tu ndio walikuwa njiani.

Bibi naye alikuwa na kibuyu cha maziwa alichokibeba mgongoni njia nzima. Kila Jumamosi, akishafua nguo za kanisani, alikifukiza kwa majani makavu na kukitundika. Mwanzoni kilinukia maziwa bado. Baadaye kilinukia moshi tu.

Jirani yetu, fundi wa baiskeli, hakupita jioni bila kuchokoza.

"Muzee, ng'ombe yako imeshiba leo?"

"Imeshiba kukupita weye," babu alijibu huku akifunga lango.

"Na maziwa, je?"

"Kesho lete kikombe. Na ukisafishe, mukono yako iko na grisi mingi."

Babu alipougua akashindwa kutoka nje, fundi huyo huyo ndiye aliyekuja kila jioni kufunga lango. Hakutania tena. Tukamzika babu, bibi akaendelea kuwasha moto peke yake, mpaka kifua kikakataa moshi nikamhamishia Mbarara. Nina duka dogo la maziwa yanayotoka Bwizibwera. Bibi huonja kila debe jipya, akakunja uso: "Hii ng'ombe inakulaka majani ya fasi mubaya."

Basi nikafika Nakivale. Nilimkuta mama wa ile familia na panga mkononi, mtoto mgongoni. Nusu ya zizi ilikuwa imelala chini, utomvu mweupe ukichuruzika, na matawi yameanza kufungwa kuwa ukuta wa nyumba. Wanawe walikuwa chini ya turubai, pale pale tulipolala sisi.

"Dada, hii ilikuwa zizi?" aliniuliza. "Batu baliniambia, lakini nimetafuta hata mavi ya ng'ombe, hakuna."

Nikamweleza. Aliweka panga chini, akaketi juu ya gogo. Nilimtajia mlima wetu na jina la mdogo wake babu, nikamuuliza kama amewahi kulisikia. Akatikisa kichwa. Walipopita kule, alisema, hapakuwa na mtu wa kuuliza habari za mtu.

Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamejikusanya. Alikuwa akiyatazama kila mara, nami sikuwa na uso wa kumwambia asikate.

"Nguzo za lango nitaziacha," alisema mwishowe. "Lakini mvua ikitangulia ukuta, sijui, dada. Batoto bangu balale wapi?" Kisha, nilipokwisha kuaga, akaniita. "Na huyo muzee akifika na ng'ombe yake, nimuambie nini?"

Swali hilo nililibeba mpaka Mbarara, nikamfikishia bibi kama lilivyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakishusha kibuyu, akakinusa ndani, akakitundika tena.

Huko Nakivale mvua imekwisha kuanza.