Mabanc Tatu Tulitosha mu Kisiki

Mbao ya Butembo na Beni inatokaka kwetu, huku upande wa Kasugho, mais darasa yetu njo ilikuwa inakaa chini. Kila siku nilirudi nyumbani na udongo ku jupe, sketi yangu ya masomo, sawa mutu mwenye kuanguka njiani. Donc siku comité ya pori ya kijiji ilitupatia muti moja kwa mabanc kumi na mbili ya kukalia, nilicheza kwa furaha mbele ya préfet mwenyewe, mukubwa wa masomo.

Mwenye kukata alikuwa mujomba wangu. Ile muti ilikuwa na mizizi kubwa, yenye kusimama pembeni yake sawa kuta. Vile bakataji ba kwetu banafanyaka, mujomba alijenga kitanda ya fito, akapanda, akakata juu ya mizizi. Kisha akavuta kamba yenye kupakaa weusi ya mapile, betri ya radio, akachora nayo mistari ku muti, akapasua mbao na tronçonneuse, masini yake ya kukata. Unga ya mbao ikaruka mpaka sisi bote tukakuwa na mvi.

Tukahesabu: mbao ya mabanc tisa tu. Préfet akasema tutajaza kuanzia mbele. Benye kukaa nyuma bangoje muti ya mwaka kesho. Ba nyuma, njo mimi na bavurugu benzangu.

Nikapanda juu ya kisiki. Kilipita préfet kwa urefu, nikatoa discours na sauti yake huku naona kipara yake. Batu bakacheka. Mujomba hapana.

"Shuka. Unazani muti inakatwa na mudomo?"

Nikashuka kwa kuteleza ku muzizi moja, na matako yangu njo ilielewa mbele ya kichwa: ile kitu ilikuwa laini, pana, nyembamba. Mbao tayari.

"Mujomba, na hii unaachia nani?"

Akaangalia muzizi, akaniangalia. Akasema udongo itakula meno ya masini, na yeye iko na cheni yake moja tu. Nikamuambia udongo ni kazi yetu. Sisi ba nyuma tukachimba na majembe, na makucha, tukaosha na maji ya mutoni, mpaka mujomba akawasha masini tena. Muzizi ya kwanza ikaanguka pana sawa mulango, nikapiga kelele mpaka ndege bakahama. Mizizi ikatupatia mabanc tatu yenye ilibakia; miguu yake tuliitosha mu matawi yenye ilikuwa imetupwa.

Banc yetu iko na bonde katikati: mwenye kukaa pembeni anateleza mpaka kwangu. Ba mbele banaomba tubadilishane. Hapana. Juzi préfet alijaribu kuikalia, akateleza na yeye. Nikamuambia, karibu monsieur, huku nyuma njo kwetu.