Gerson na Koleo la Wajerumani

Koleo ndilo lililoanza kumtia Gerson wasiwasi. Lilikuwa dogo, la kuchimbia, la kukunja, rangi ya kijani, na lilikuwa na mfuko wake wa turubai. Yule mama mfupi aitwaye Renate alikataa katakata lisiwekwe nyuma na mabegi. Alitaka likae hapo hapo miguuni pake. Sasa mtu aliyekuja kutazama milima, koleo la nini?

Gerson hakuuliza. Amekuwa dereva Mbeya kwa miaka ishirini na sita, amebeba wachungaji, viazi, maharusi na maiti mbili, na hajawahi kubeba mtu bila kumchunguza kwanza. Ni Mhehe wa Kilolo aliyeoa Mnyakyusa akahamia Uyole. Mkewe, Tusekile, husema kwamba siku ya kiyama Gerson atamwomba malaika kitambulisho.

Wageni walikuwa watatu, Wajerumani, marafiki wa siku nyingi na walimu wastaafu, kwa maneno yao wenyewe: Renate mwenye koleo, mzee mrefu aitwaye Dieter, na Helga. Walimkodi na Land Cruiser yake wapelekwe Iringa kwa siku mbili, polepole, wakisimama popote watakapopenda. Helga alikuwa amesoma Kiswahili kwao kwa miezi minane. Alikizungumza neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Na katika nyanda hizi zote, nani asiyejua habari za rupia za Mjerumani? Mjerumani alipokimbia vita alizika masanduku ya rupia, akatia alama kwenye mawe, akaondoka na ramani. Sasa wajukuu wanarudi na ramani hizo, leo wakijiita watalii, kesho wataalamu wa ndege. Hakuna aliyewahi kuliona sanduku lenyewe, lakini kila kijiji kina mtu anayemjua mtu aliyeliona shimo.

Marcelino, baba yake Gerson, aliyaamini haya kuliko watu wote wa Kilolo. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na jiwe lenye mchoro, na Marcelino alichimba chini yake miaka kumi na mmoja, mahindi yakiliwa na nyani, hadi watu wakamwita Mzee Rupia mbele ya wanawe. Machi moja, mvua zilipokuwa zimeloanisha ardhi, ukuta wa shimo ukamwangukia. Gerson alikuwa kidato cha pili. Pale msibani aliwaona watu wazima wawili wakificha kicheko kwa viganja, na nyuso zile hazijamtoka hadi leo.

Miaka arobaini ameishi na swali moja: baba alikuwa mjinga, au alikosea jiwe tu? Hasemi na mtu habari hizo, ila na dada yake. Lakini alipoliona koleo lile alijua kwamba huenda jibu limepanda gari lake. Wazungu hawa wakifukua sanduku, hata moja, hata wakiondoka nalo lote, basi Marcelino hakufa kijinga. Hilo tu ndilo Gerson alilolitaka.

Kwa hiyo aliendesha jicho moja barabarani na jingine kwenye kioo. Walipofika Chimala, Dieter alikunjua ramani, na Gerson nusura aingie mtaroni. Ramani ilikuwa na misalaba. Misalaba midogo, ya kalamu nyekundu, imefuata barabara kuu kutoka Mbeya hadi Iringa.

"Hapa, tafadhali," akasema Helga.

Walishuka na viti vyao vya kukunja, wakakaa kuutazama ukuta wa mlima. Hawakupiga picha hata moja. Dieter alifumba jicho moja, akanyoosha mkono wenye penseli, akapima mwamba kutoka juu hadi chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu akaandika. Gerson alijisogeza akijifanya anakagua tairi, na Dieter akaifunga daftari yake upesi. Mtu asiye na siri anafunga daftari ya nini?

Saa nzima ilikwenda hivyo. Baada ya Igawa wakasimama tena, penye msalaba mwingine, wakapima tena mawe kwa penseli. Helga akamuuliza kama mawe yale ni ya zamani. Gerson akajibu kwamba mawe yote anayoyajua yeye ni ya zamani, akaingia kwenye gari.

Makambako waliposimama kula, aliwaacha mezani, Renate akijipakulia maharage na kachumbari bila woga, akatoka nje kumpigia dada yake. Anjela anauza nyanya barabarani pale Ilula, na ndiye pekee duniani anayeweza kuzungumza naye habari za baba.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Uko wapi?"

"Makambako. Nimewabeba wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye rupia. Wana ramani ya misalaba. Wanapima mawe. Na koleo wanalo, dada."

"Gerson, waache wazee wa watu. Na wewe usianze."

"Sianzi kitu. Naangalia tu."

"Hata baba alianza kwa kuangalia," akasema Anjela, akakata simu.

Maneno hayo yalimuuma Gerson, akayachukia mpaka Mafinga.

Walikuwa wamekwisha kuipita Mafinga, mawe makubwa yameanza kuonekana mashambani, Helga alipomgusa bega. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nyuma yake Renate alikuwa amelikumbatia koleo kifuani.

"Bwana Gerson, tunaomba simama. Renate anataka kuchimba."

Mguu wa Gerson ukakanyaga breki wenyewe. "Kuchimba?"

"Ndiyo. Kuchimba."

"Kuchimba nini, mama?"

Helga akahangaika. "Kuna neno lingine mbele. Nimelisahau. Tafadhali, haraka. Na wewe usiangalie, ni kitu cha siri."

Alisema hivyo hivyo, bila haya: kitu cha siri. Gerson akaliegesha gari kando. Renate akashuka, akakimbia, mama wa miaka sabini akakimbia na koleo lake hadi nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote. Alikawia. Aliporudi alikuwa na uso mweupe wa mtu aliyetua mzigo, lakini mikononi hakuwa na kitu ila koleo. Kwa hiyo amethibitisha sanduku lilipo, Gerson akawaza, na ameliacha. Watarudi kulichukua bila mimi.

Kisha wale watatu wakafungua viti upande wa pili wa barabara na kuanza tena na penseli zao. Gerson akangoja Dieter afumbe jicho lake. Akalichukua koleo lililoachwa garini, akavuka nyasi akiwa ameinama, mtu mzima, mzee wa kanisa, akaenda kuizunguka miamba kama mwizi wa kuku.

Alipaona mara moja. Udongo mbichi uliosawazishwa vizuri, na juu yake kijiwe kimewekwa. Alama! Akapiga magoti pale pale, akachimba. Alichimba kwa furaha ambayo hakuijua tangu utotoni. Hakuwa na shaka hata kidogo. Kwa kitambo kile alijua, kabisa, kwamba lipo, kwamba lipo pale chini, kwamba ni suala la kutoa udongo tu. Akatupa koleo akafukua kwa vidole.

Vidole vikakuta karatasi laini. Halafu vikakuta kilichokuwa chini ya karatasi.

Alikuwa bado anavitazama vidole vyake aliposikia hatua. Helga alisimama pembeni ya jiwe, ametumwa kulitafuta koleo. Alimtazama Gerson, akalitazama shimo, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Bwana Gerson. Nilisema Renate anataka kuchimba. Tumbo lake. Kuchimba..."

"Dawa," akasema Gerson kwa sauti ndogo. "Kuchimba dawa."

"Dawa! Ndiyo! Nimelitafuta neno hili tangu Mafinga!"

Neno la kila basi la nchi hii. Konda akilitamka gari husimama, abiria wakaingia vichakani, na hakuna anayeuliza dawa gani. Mjerumani wa watu amejifunza nusu yake ya kwanza, na mwana wa Marcelino akaimalizia nusu ya pili kwa akili yake mwenyewe.

"Na misalaba?" akauliza. Hakutaka kuuliza, lakini kinywa kilimtangulia. "Kwenye ramani?"

"Mahali pazuri pa kuchora. Sisi tunachora milima. Dieter anachora vibaya, kwa hiyo anaficha."

"Kwa hiyo rupia hamna?"

Helga akafikiri kwa bidii, akachambua kila neno alilolisoma kwa miezi minane. "Samahani," akasema. "Rupia ni nini?"

Gerson akalifukia shimo. Alinawa kwa maji yote ya dumu la gari, na sabuni ya Renate, ambaye hakuthubutu kumtazama. Kisha akaenda kusimama mbali kidogo na barabara, akampigia dada yake.

"Dada, nimechimba."

Anjela hakumgombeza. Aliuliza kwa pupa, sauti imembadilika, kama mtu ambaye naye amengoja miaka arobaini. "Umepata nini?"

"Nimepata choo."

"Sasa na hilo ndilo la kunipigia simu?"

"Choo cha Mjerumani, dada. Amechimba dawa, kafukia. Mimi nikafukua. Kwa mikono."

Anjela akaanza kucheka, akacheka akiwa katikati ya wateja wake na matenga ya nyanya, akacheka mpaka akakohoa, na Gerson akamsikia akijifuta machozi.

"Baba angekuwepo!" akasema. "Yesu wangu, baba angecheka leo mpaka akagaagaa chini."

Ni kweli, baba yao alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akiwa ndani ya shimo, alicheka akitoka na udongo kichwani, alicheka hata walipomwita Mzee Rupia. Gerson alikuwa amelikumbuka shimo kwa miaka arobaini, na kicheko alikisahau chote.