Nusu Saa ya Dada

Nina hasira, na heri niiseme kabla sijasema kingine. Dada yangu ni fundi cherehani wa kiwandani, miaka kumi na moja anashona kola za mashati. Mwaka jana wasiwasi ulimvaa. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, usingizi ukamkimbia, na msimamizi akimwita tu, anaharibu kola.

Daktari akampa vidonge. Sivitukani vidonge, jirani yangu vimemrudishia maisha. Dada naye vilimtuliza, ila vilimwachia kichwa kizito, na mashine ile haina mzaha na mtu anayesinzia. Wakakubaliana aache vidonge kwanza, ajaribu mafunzo ya utulivu: nusu saa kila siku, ukae, ufumbe macho, ufuate pumzi yako, na wazo likikuteka urudi kwenye pumzi. Muuguzi wa kliniki alimwambia wazi kwamba kuna watu yanawafaa sawasawa na dawa, mradi wasiruke siku.

Wasiruke siku, katika nyumba ile! Dada hajavuta pumzi tatu, mumewe anaita, "Mama watoto, umekaa tu? Soksi zangu umeziweka wapi?" Binti anataka kusukwa. Mama mkwe anataka maji ya moto. Kwao, mtu aliyefumba macho bila kulala hana kazi, na asiye na kazi hutumwa. Hata mimi, aibu yangu, nilikuwa nampigia simu saa hiyo hiyo nimpe umbea wa ofisini, nikanuna asipopokea.

Siku ya kliniki tulikwenda watatu, na shemeji ndiye aliyejibu maswali ya muuguzi. "Mafunzo yamemshinda, sista. Mrudishie vidonge. Kidonge unameza mara moja, mambo yanaendelea."

"Shemeji, ulimwachia hiyo nusu saa hata siku moja?" nikamuuliza.

"Wewe naye. Kwani nani alimfunga kamba?"

Muuguzi akamgeukia dada. Dada akaangalia viatu vyake, akasema, "Nipe tu vidonge." Nilitamani kumzaba mtu kofi.

Wiki ya tatu ya vidonge, kichwa kikiwa kizito, sindano ya mashine ilimpenya kidole cha shahada. Msimamizi akamtoa kwenye mashine, akampa ufagio afagie vipande vya vitambaa. Jioni nilimsindikiza nyumbani, bandeji hadi kiganjani. Shemeji akautazama ule mkono, akampa pole, kisha akauliza kama bado unaweza kushika mwiko.