Alinunua maua ya soko zima ili wifi yake akose

Kunapambazuka Nabeul, mji wa pwani wa Tunisia, na kisoko cha maua cha mtaa tayari kina kelele. Chedlia Gharsalli (54) anapenya katikati ya wanawake wenzake, anachota maua ya mdanzi, mchungwa mchungu, kwa kiganja, anayanusa, anayarudisha guniani.

"Haya yamelala, Ami Sadok. Nipe ya leo."

Muuzaji anapangusa masharubu yake taratibu. "Wazna moja, binti yangu, au leo pia nifunge biashara nirudi zangu nyumbani?"

Wanawake wanaangua kicheko. Chedlia anacheka nao, lakini anaivuta shela usoni. Wazna ni kipimo cha hapa, kilo nne za maua, na wiki mbili zilizopita mama huyu alibeba wazna kumi na mbili kwa mkupuo. Hakuna asiyejua kwa nini. Alitaka wifi yake akose.

Wifi mwenyewe ni Saloua, dada wa mumewe, Mongi. Nyumba zao zimeegemeana ukuta, kiasi kwamba mmoja akikaanga vitunguu mwenzake anajua ametia chumvi au bado.

"Mimi nimetandika vitanda vya hoteli za ufukweni miaka ishirini na miwili," anasema Chedlia akirudi na kikapu chake. "Miezi minne una kazi, minane huna. Watalii wakija wengi, mgongo unauma. Wasipokuja, tumbo linauma."

Mshahara wake wa mwisho ulikuwa dinari mia sita kwa mwezi, na kiangazi kilipoisha, nao ukaisha.

Kwa hiyo jumuiya ya utalii ya mtaa ilipoitisha mkutano, alikaa kiti cha mbele kabisa. Hoja ilikuwa moja: mji hauwezi kuendelea kuishi kwa ufukwe na jua la miezi michache. Wageni waje hata wakati wa maua, walale kwenye nyumba za watu, wakeneke maji ya maua, yaani wayachemshe na kukinga matone ya mvuke, pamoja na wenyeji. Chedlia alirudi akamsimulia Saloua kila kitu, wakinywa chai.

"Nasimulia mimi, anapaka rangi mlango yeye!" anasema, na sauti inapanda kama vile jambo ni la jana. "Mimi bado natafuta fundi wa bomba, mwenzangu ana Wataliano watatu wanakunywa kahawa uani."

Mwaka mzima aliwatazama wageni kutoka darini kwake. Aliyajua masanduku yao kwa rangi. Alijua nani amekaa siku mbili na nani ameongeza. Kilichomuumiza zaidi ni taulo.

"Anazikunja umbo la bata, anaziweka kitandani. Bata! Nani alimfundisha bata? Mimi! Nilijifunza hotelini, nikamwonyesha siku ya harusi ya binti yake."

Vyumba vyake viwili vya wageni vilipokamilika, hakuna aliyebisha hodi. Mongi, mtu wa maneno machache, alitoa yake: maua yakiisha bila mgeni kulala humo, vyumba atapangishwa fundi wa matairi. Maana yake ilikuwa wazi. Kiangazi Chedlia angerudi kwenye mashuka ya hoteli.

Ni hapo Saloua alipochungulia juu ya ukuta. "Wifi, Jumamosi nina wageni kumi na wawili, Wafaransa, wanakuja kukeneka. Tafadhali usianike nguo upande wangu."

"Aliposema nguo," anasimulia Chedlia, "nilisikia kitu kimekatika hapa," na anajigusa kifua.

Ijumaa ilinyesha, wachumaji hawakupanda mitini, na Jumamosi kisoko kilikuwa na magunia machache tu. Chedlia alifika kabla hayajafunguliwa. Alilipa dinari hamsini kwa kila wazna, pesa zote alizoziweka kwa ajili ya mapazia, akayapakia kwenye mkokoteni.

Mtu wa Nabeul hahitaji kuelezwa kosa liko wapi. Maua hayarundikwi. Yanatandazwa tabaka jembamba juu ya shuka safi, kivulini, yapumue. Tena mtambo mmoja wa shaba unapika wazna moja kwa saa nne hivi, moto mdogo, na mtu haondoki mbele yake. Chedlia alikuwa na mtambo mmoja. Alitandaza sebuleni, ukumbini, ngazini, mpaka juu ya vitanda vya wageni ambao hawajaja. Yaliyobaki akayarundika.

"Kabla ya adhuhuri nilitia mkono ndani ya rundo. Lilikuwa la moto kama mkate. Yameanza kuwa kahawia. Nikakaa chini nikalia, na moto nao unataka kuchochewa."

Mlango ukagongwa. Saloua, na nyuma yake Wafaransa kumi na wawili wenye kofia.

"Wifi, soko limekufa. Humjui aliyeliua?"

"Simjui."

"Harufu inatoka mpaka barabarani, Chedlia."

Saloua alimsukuma kando, akaona maua ngazini, akaona maua kitandani. Alicheka mpaka akaketi kizingitini. "Ee Mola wangu, kaka yangu ameoa nini!" Kisha akafuta machozi, akawa mfanyabiashara. "Mitambo ninayo miwili. Maua unayo wewe. Wanaingia kwako, lakini ni wageni wangu."

"Mgeni akivuka mlango wangu anakula kwangu."

"Wanakula kwangu, nimeshachinja!"

Walibishana hivyo hivyo mlangoni, mikono hewani, huku Wafaransa wakipiga picha. Baadaye ilijulikana kwamba walidhani ni sehemu ya mila.

Siku hiyo mitambo mitatu ilichemka uani kwa Chedlia. Wageni walitandaza, walichambua majani, walikinga matone. Chedlia alipika kuskusi ya kuku, Saloua akaleta kondoo wake, na kila mmoja alikuwa akichungulia sahani zinaelekea chungu gani. Wazna tano zilitupwa. Saba ziliokolewa.

Jioni, mmoja wa Wafaransa, mwalimu mstaafu aitwaye Odile, alikataa kuondoka. Alitaka kulala katika chumba kile kilichokuwa na maua kitandani.

"Umeniibia mgeni," alisema Saloua.

"Amechagua mwenyewe, wifi. Labda hapendi bata."

Odile alikaa usiku sita kwa dinari themanini kila usiku, kisha akamleta dada yake. Fundi wa matairi ametafuta pengine. Mongi ameonekana akipaka chokaa ukuta wa mbele bila kuombwa.

Rim Ouertani, anayeratibu wageni katika jumuiya ya utalii, alifika kuviona vyumba na hakuficha furaha yake. "Nyumba moja sikuweza kuiletea kundi kubwa la kulala. Sasa ziko mbili zinazopakana. Naweza kuleta watu hata wakati wa kuanika pilipili, hata wakati wa zeituni. Waache tu kugombana kidogo." Anafikiri. "Au wasiache. Wageni wanauliza kama tutawaonyesha tena."

Je, wivu umeisha? Chedlia anaiweka chini ya kivuli shuka yenye maua ya leo, anayapapasa yalale sawa.

"Uishe uende wapi? Ana vyumba vitatu, mimi viwili."

Mpango wake ni kujenga cha tatu darini, chenye dirisha la baharini. Kiwe juu kuliko dari ya jirani? "Kidogo tu. Mgeni wake akinywa kahawa, ainue macho amwone wangu."

Anasema hivyo, gari dogo la mizigo linaingia kichochoroni likiwa limejaa matofali. Chedlia ananyanyuka. Yeye bado hajaagiza hata moja. Gari linapita mlango wake, linasimama mlango wa pili.

Anapanda kwenye ndoo, anashika ukuta kwa mikono miwili.

"Saloua! We Saloua! Ghorofa ngapi?"