Sifuri Yangu na Shati la Mwalimu

Mimi nimewahi kupewa sifuri kwa sababu insha yangu ilikuwa nzuri mno. Msicheke, ni kweli tupu.

Asubuhi nauza mitumba. Mchana nasoma Kiingereza, narudia mtihani mara ya tatu, maana bila hiyo karatasi chuo cha uuguzi hawanitaki hata getini.

Siku hiyo mwalimu aliinua insha yangu, ina sifuri nyekundu, mbele ya darasa zima. Tuliambiwa tumshawishi diwani atutengenezee bomba la maji. Mimi sentensi tatu nilizianza kwa maneno yaleyale, nikamalizia na swali ambalo diwani hawezi kulijibu bila kuona haya.

"Hii ni takriri," akasema. "Na hili ni swali la balagha. Sijawafundisha bado. Umenakili wapi?"

Nikasema sijanakili. Akasema wote husema hivyo, na jina langu analifuta kwenye orodha ya mtihani.

Miaka mitatu iende hivihivi? Nikagoma kukaa. Nikamwambia anipe mada yoyote, niandike palepale ubaoni.

Akanipa: kwa nini nisikufute.

Nikaandika kwa Kiingereza changu hichohicho cha kuungaunga. Niliumwa, nikaja. Nilinyeshewa, nikaja. Nilifeli mara mbili, nikaja. Anayenakili angehangaika hivyo kwa lipi?

Akasoma, akarudia kusoma.

"Nani kakufundisha?"

"Jibu umelivaa, mwalimu."

Akajitazama. Shati la bluu, kifungo cha tatu cheupe, nilikishona mwenyewe. Mwezi uliopita alilishika mezani kwangu sokoni, akalirudisha, akawa anaondoka. Nikamwita: shati hili lilivaliwa na mtu wa heshima, linamtaka mtu wa heshima, litaondoka na mtu wa heshima. Sasa bosi, unamwachia nani?

Alirudi akalinunua bila hata kulijaribu. Sura yangu wala hakuitazama.

"Sikujua kama mbinu hiyo ina jina," nikamwambia. "Ila ilikushika."

Darasa likaangua kicheko. Akachukua kalamu nyekundu, akaitanguliza nane kwenye sifuri yangu, ikawa themanini. Nikakataa kuipokea karatasi mpaka aseme mbele ya watu walewale kwamba sikunakili, na jina langu linabaki kwenye orodha.

Akasema. Kwa sauti ndogo, lakini akasema.

Wewe unayeishi kwa mdomo wako, sokoni au popote, usikubali kuambiwa ufasaha ni wa wenzako. Wao wameupa majina tu. Sisi tunakula kwa huohuo.