Bi Fundi na Neno Lake la Kata

Nusu ya mtaa ilikuwa imevaa mishono ya Bi Fundi, na sasa mwenyewe hamjui hata binti yake. Kisukari kilimla mguu wa kushoto polepole, mpaka wahudumu wa makao ya wazee wakawa wanaingia chumbani kwake wamebana pua.

Asubuhi moja daktari aliinama kitandani. "Bibi, mguu huu tuukate?"

"Kata," akajibu Bi Fundi, macho makavu. "Kata, kata."

Daktari akamgeukia muuguzi mkuu. "Si umesikia? Amekubali."

Muuguzi mkuu akakuna kichwa. "Daktari, huyu hata jana haijui. Mahakama imempa binti yake madaraka ya kumwamulia. Tukikata bila yeye, tumejitafutia balaa."

Binti, kitinda mimba, akaja mbio kutoka kwa dobi anakopiga pasi, jasho halijamkauka. Alipoelezwa akacheka, kicheko kikavu.

"Kata? Jamani, hilo neno nimezaliwa nimelikuta! Akimaliza mshono ananiita nikate uzi. Maana yake kazi imekwisha, tufunge tukalale."

"Sasa unasemaje, dada?" daktari akauliza. "Mguu usipokatwa, sumu itapanda. Mwezi hamalizi."

"Na ukikatwa?"

"Huenda akapona. Huenda akatufia mezani."

Binti akampigia kaka yake simu. "Mwenye madaraka ni wewe," kaka akasema. "Ila ukimuua mama, usinitafute."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Pindo la shuka lilikuwa limechakaa. Akachomoa uzi, akauweka mbele ya uso wa mama. Vidole vya kizee vikazinduka, vikaushika, vikaukaza.

"Kata."

Binti akaukata kwa meno. Mama akatabasamu, tabasamu ambalo lilikuwa limeadimika kitambo.

"Haya," mama akasema. "Twende nyumbani."

Binti akatoka, uso umelowa. "Mguu usiguswe," akamwambia daktari. "Mpeni dawa ya maumivu tu."

Sumu ikapanda, kama walivyoambiwa. Dawa ikawa haimfikii tena. Siku ya mwisho Bi Fundi alilikamata paja lake la kushoto kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

"Kata! Kata, wewe!"

Binti akapapasa pindo la shuka kutafuta uzi. Walikuwa wamemtandikia shuka jipya. Akalizunguka lote kwa vidole, asipate hata mmoja.